Upepo Sawa kwa Wote

Vijana wa gereji mmeniomba niwaachie maneno kabla sijazoea kukaa bure. Nimekubali. Mimi sikusoma hata siku moja, kwa hiyo maneno ni yangu na mkono ni wa mjukuu wangu Mwajuma, ambaye nimemkataza kuyapamba. Nimemruhusu afute kila mahali atakapoona nimejisifu. Mpaka sasa hajapata kazi.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Nitazungumzia upepo: ule unaotiwa katika tairi la pikipiki, na ule unaotiwa katika shokapu za mbele. Nimeujaza upepo huo maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimeujaza vibaya.

Mwaka wa Uhuru nilitoka Misima juu ya lori la mahindi, nikashuka Korogwe, nikaenda kuomba kazi katika shamba la mkonge. Nilitarajia kupewa panga. Karani alinitazama mikono, akaona ni minene, akanielekeza gereji. Huko nilikabidhiwa kwa Fundi Maganga, Mnyamwezi aliyeletwa zamani na treni ya manamba, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo hatukupoteza muda kuzoeana.

"Mzigua," aliniambia kabla sijamaliza kumwamkia, "umekuja kufanya kazi, au umepotea njia ya kwenda kuomba chakula?"

"Nimekuja kukuchunga usiibe spana."

"Karibu. Pampu ile pale. Hiyo hailiki, usijaribu."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa pikipiki ya nyapara mkuu, ambayo aliitumia kupita katikati ya mistari ya mkonge akiwatafuta waliolala. Fundi Maganga aliniagiza nijaze tairi la mbele kwa kiasi. Neno "kiasi" limenitesa tangu siku hiyo. Mtoto wa mkulima akiambiwa ajaze gunia, hulishindilia mpaka mshono ulie. Nami niliona tairi ni gunia la upepo. Niliikanyaga pampu mpaka jasho likaniingia machoni. Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole kikaumia. Nililipiga kwa kijiti, likalia kama ngoma. Nikaridhika. Niliamini kwamba tairi gumu hukataa miba, na katika shamba la mkonge miba ndiyo udongo wenyewe.

Nyapara aliondoka kwa heshima zote. Alipofika kona ya kwanza, penye kokoto, lile tairi halikushika ardhi. Liliteleza juu yake kama punje ya mahindi juu ya sakafu ya saruji. Pikipiki ikaenda kushoto, nyapara akaenda kulia, na upande wa kulia palikuwa na mkonge. Asiyejua ncha ya jani la mkonge ilivyo, na amuulize mtu aliyeikalia. Tulimtoa taratibu. Fundi Maganga alimweleza kwamba kosa lilikuwa la barabara. Nyapara alipokwisha kuondoka, alinieleza mimi lilikuwa la nani.

Hakunipiga wala hakunipigia kelele. Aliniketisha mbele ya rundo la matairi makuukuu, akaushika mkono wangu na kuupitisha juu ya moja.

"Hapa katikati pana nini?"

"Pamelika."

"Na pembeni?"

"Meno yapo."

"Basi hili lilijazwa na Mzigua. Tairi likizidishiwa upepo linatuna, linakanyaga ardhi kwa katikati tu, na katikati ndipo panapokwisha. Haya, shika hili."

Hilo la pili lilikuwa limelika mabega yote mawili, na katikati yake ilikuwa bado mpya.

"Hili limenyimwa upepo," alisema. "Linalala, linakanyaga kwa mabega, linapata moto. Na usukani unakuwa mzito, kama unamvuta ng'ombe asiyetaka mnada."

Tairi la tatu nililishika mwenyewe. Mkono wangu ulipanda na kushuka, bonde na kilima, bonde na kilima, kuzunguka tairi zima.

"Hilo lina mawimbi," alisema Fundi Maganga. "Ukikuta mawimbi, tazama lililo juu ya tairi. Shokapu haitulii, au beringi imechoka. Gurudumu linadunda badala ya kubingirika, na kila linapotua linajing'ata."

Alinifundisha pia kupima upepo asubuhi, kabla jua na mwendo havijalipasha tairi moto. Kulipa tairi la nyuma upepo zaidi kwa sababu ndilo linalobeba mtu na mzigo. Na kulipunguzia la mbele kidogo kwa sababu kazi yake ni kushika njia. Mafundisho hayo niliyapokea yote. Fundisho moja tu lilinishinda, nalo alilirudia kila nilipomaliza kujaza tairi.

"Sasa panda. Nenda mpaka kwenye korona, kule mkonge unakosagwa, urudi, uone ulichokijaza."

Sikupanda. Siku ya kwanza nilimwambia goti linaniuma. Juma lililofuata nilimwambia nimefunga. Akaniuliza kama Wazigua wana Ramadhani yao peke yao, maana ya Waislamu wengine ilikuwa bado. Ukweli ni kwamba kila nilipotazama kiti cha pikipiki, nilimwona nyapara katikati ya mkonge. Nikaona ni busara mimi niwe fundi na wengine wawe majeruhi. Nikaishi hivyo miaka mingi, nikijaza upepo wa pikipiki za watu na kuzisindikiza kwa macho.

Mashamba yalipokuwa mali ya taifa na vijiji vya ujamaa vilipoanza, nilirudi nyumbani Misima, wilaya ya Handeni. Kijiji chetu kilinipa kibanda cha bati kiitwe gereji, pampu ya mguu, geji ya malori, na jukumu la pikipiki zote zilizopita njia ile. Nilikuwa fundi peke yangu, na kwa hiyo nilikuwa fundi bora.

Asubuhi moja nilikuwa naihudumia pikipiki ya bwana shamba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salimu, mtu mcheshi aliyependa kusimama mahali penye watu, alisimama akanitazama.

"Mhina, mbona la nyuma unalipa zaidi?"

"Ndilo linalobeba mzigo, Mwenyekiti."

"Na la mbele linakaa bure?"

"Hapana. Linaongoza."

"Kumbe!" akasema, akiwageukia waliokuwapo. "Hapa kijijini kwetu kuna tairi linalopendelewa, na sisi hatuna habari."

Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka, akaenda zake shambani, na nina hakika kabla ya kulifikia jembe alikwisha kusahau. Mimi sikusahau. Nililala na utani ule, nikaamka nao. Nilijiuliza fundi wa kijiji cha ujamaa atawezaje kulinyima tairi moja na kulijaza jingine mbele za watu. Katika mkutano uliofuata, walipofika kwenye mengineyo, nilisimama. Sikuwa nimeulizwa na mtu.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanakijiji," nilisema. "Kuanzia leo, katika gereji yetu, upepo ni sawa kwa wote."

Nilipigiwa makofi. Vijana wangu, fundi akipigiwa makofi kabla chombo hakijatembea, na aogope.

Bwana shamba alibeba mbegu na majembe nyuma ya kiti. Tairi lake la nyuma, likiwa na upepo uleule wa la mbele, lililala chini ya mzigo, na pikipiki ikawa inatembea kama bata. Tairi la mbele, ambalo halikuwa limebeba chochote, lilikuwa gumu likirukaruka juu ya kila jiwe. Bwana shamba alilalamika. Nilimjibu kwamba asiyezoea usawa huona unamwonea. Siku hizo tairi jipya lilipatikana kwa kibali kutoka mkoani, na kibali kilikuja kwa mwendo wake chenyewe. Kabla mvua za masika hazijaanza, tairi la nyuma lilikuwa limekwisha mabega na la mbele limekwisha katikati. Mikono yangu iliyashika yote mawili, ikasikia alichonifundisha Fundi Maganga, nami nikaiambia mikono inyamaze.

Mvua iliponyesha, Mwenyekiti Salimu alipewa lifti kwenda kwenye mkutano wa Mazingara. Alikaa nyuma, juu ya tairi lisilo na mabega. Walipofika penye tope, la nyuma likaamua kwenda mbele. Tulimpokea akiwa na rangi ya udongo kuanzia kofia mpaka viatu. Alikuja moja kwa moja gereji, akasimama mlangoni, akajikung'uta.

"Mhina."

"Naam, Mwenyekiti."

"Usawa ni wa watu. Nani alikwambia na wa mipira?"

Nilimpa kitambaa cha gereji ajikaushe, nacho kilikuwa na oili. Tangu siku hiyo kijiji kizima kiliniita Bwana Usawa, na wapo wazee huko Misima ambao mpaka leo hawajui jina langu jingine. Nami, kwa kuwa mimi si mtu wa kujifunza jambo nusu, niliapa kwamba maishani mwangu sitatia tena upepo sawa mahali pawili. Kiapo hicho ndicho kilichokaribia kumpokonya Nesi Hilda pikipiki yake.

Nesi Hilda alikuwa binti wa Fundi Maganga. Nilimfahamu tangu akitambaa kwenye nyumba za kambi ya mkonge, akitia mdomoni kila nati niliyoidondosha. Sasa alikuwa muuguzi na mkunga, amepangiwa kliniki za akina mama za Misima, Mazingara na Kwaluguru, na wilaya ilikuwa imempa pikipiki mpya ya Kijapani. Alikuja nayo gerejini akiwa amevaa suruali ndani ya gauni, na sanduku la dawa limefungwa nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Anauliza, je, umeshapanda?"

"Mwambie goti bado linaniuma."

Hakucheka. Alikuwa na shida. Njia ya Kwaluguru inashuka katika korongo la mchanga, na siku chache kabla ya hapo, alipofunga breki kwenye mteremko ule, shokapu za mbele zilizama zote na hazikurudi. Aliruka juu ya usukani. Hakuvunjika, lakini habari zilimtangulia wilayani. Alikuwapo huko bwana mmoja wa ofisini aliyeitamani pikipiki ile tangu ilipofika, na ambaye alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba mwanamke na pikipiki havikai pamoja. Mkuu wa usafiri alikuwa mtu wa haki. Yeye alisema tu kwamba Nesi akianguka tena, chombo kitapewa mtu mwingine na kliniki za vijijini zitasubiri gari. Gari lilikuwa moja, nalo lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu.

"Akina mama watatembea, mjomba," alisema. "Wengine hawatatembea, watakaa nyumbani. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nikaikagua pikipiki kwa uzito unaostahili. Juu ya kila shokapu palikuwa na kifuniko kidogo, na chini ya kifuniko palikuwa na valvu, kama ya tairi. Sikuwa nimewahi kuona shokapu ya kutiwa upepo, lakini sikuliona hilo kuwa sababu ya kunyamaza. Nilimweleza kwamba upepo umepungua, na hapo nilisema kweli. Kisha nikakumbuka kiapo changu. Pikipiki ikiegeshwa hulalia kushoto. Kwa hiyo, nikajiambia, shokapu ya kushoto ndiyo inayobeba mzigo. Nikaipa ya kushoto nyingi na ya kulia kidogo, kwa pampu ileile ya mguu niliyojazia matairi ya trekta. Nilipopima kwa geji ya malori mshale haukutikisika. Nikadhani bado, nikaongeza.

Nesi alirudi baada ya muda, viganja vimevimba. "Inanipiga mikono, mjomba. Kila kijituta nakisikia mpaka kwenye meno."

Fundi mwenye akili angetazama shokapu. Mimi nililipunguzia tairi la mbele upepo, ili liwe laini, lipokee vijituta kwa niaba yake. Ilikuwa sawa na kumkanda mtu mguu kwa sababu analalamika bega. Aliondoka akinishukuru, na shukrani zile zinaniwasha mpaka leo.

Mara ya tatu alikuja akiisukuma. Alikuwa amekuja nayo hivyo kutoka njia ya Mazingara. Usukani ulikuwa umetikisika mikononi mwake mpaka akashindwa kuushika, akasimamisha kwa miguu, akashuka. Hakuanguka. Aliniambia hivyo mara mbili: hakuanguka. Na asubuhi ileile alitakiwa Kwaluguru, kwa njia ya korongo, akina mama wamekwisha kuitwa.

Alipiga magoti mbele ya gurudumu. Akaweka kiganja juu ya tairi na kulizungusha polepole, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Nami nikajiona tena nimekaa mbele ya lile rundo la Korogwe.

"Bonde," alisema. "Kilima. Bonde. Kilima. Na mabega yameanza kwisha. Mjomba, baba alikwambia nini kuhusu tairi lenye mawimbi?"

"Kwamba nitazame lililo juu yake."

"Ulitazama?"

"Nilitazama la chini."

Akasimama, akafungua vifuniko, akabonyeza valvu ya kulia. Ilitoa pumzi fupi ya mtu aliyechoka. Akabonyeza ya kushoto. Ililia kama filimbi ya treni.

"Umetia kiasi gani huku?"

"Zaidi."

"Kwa nini zaidi?"

Nikamweleza habari ya kulalia kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wauguzi hufundishwa.

"Mjomba, hizi zimeshika ekseli moja. Zinazama pamoja na kupanda pamoja. Ukiipa moja nguvu na nyingine ukainyima, si zitabishana?"

"Zitabishana."

"Na matairi mawili uliyatia sawa, siyo? Baba alinihadithia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo palipotakiwa tofauti ulitia usawa, na palipotakiwa usawa umetia tofauti."

Nilimwambia kwamba, kwa ufupi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Tukapandisha gurudumu la mbele juu ya kasha la mbao, tukatoa upepo wote katika shokapu zote mbili. Ikabaki shida ya kuurudisha. Ndani ya shokapu nafasi ni ndogo; pampu yangu ikikanyagwa mara moja inafurika, na geji ya malori haioni kitu. Nesi alitazama pampu, akatazama sanduku lake la dawa. Nilimwona akipigana na nafsi yake. Kisha akatoa mashine ya kupimia presha ya wajawazito: kisanduku chenye nguzo ya zebaki na kile kipira cha kubonyeza kwa mkono.

"Ukiivunja," aliniambia, "nitakupeleka Kwaluguru ukawaeleze mwenyewe."

Akachomoa kile kitambaa kinachofungwa mkononi mwa mgonjwa. Mimi nilikata mpira wa pampu ya baiskeli na kuufunga kwenye bomba la mashine, na upande wa pili nikauzungushia kwenye valvu. Alibonyeza kipira taratibu, zebaki ikapanda karibu na kilele. Akafanya kulia, akafanya kushoto, akarudia, mpaka zebaki ikasimama mahali pamoja pande zote mbili. Zebaki haikujua ni upepo wa kiasi gani unaomtosha mtu mwenye uzito wake na sanduku lake. Ilijua tu kwamba kushoto na kulia ni sawa. Kiasi tulikitafuta kwa njia ya kawaida. Tuliteremsha gurudumu, yeye akakaa juu na mzigo wake, nami nikalala chini kutazama shokapu zimezama mpaka wapi. Akafunga breki ya mbele na kusukuma usukani kwa nguvu. Zilikwenda chini, hazikugonga, zikarudi juu zikatulia. Mkono ukibonyeza godoro zuri unasikia vile.

Lile tairi halikuwa na mbadala. Nililitoa kwenye rimu nikaligeuza lizunguke kinyume, ili vilima vilike kwa upande wa pili. Nikalirudishia upepo nilioupunguza. Na la nyuma nikalipa zaidi ya la mbele, kama nilivyofundishwa kabla sijapigiwa makofi. Nilipanguza mikono.

"La nyuma umelitia upepo wa mtu mmoja?" aliuliza Nesi, akiifunga mashine ndani ya khanga.

"Wa mtu mmoja na sanduku."

"Ongeza."

"Wa nini?"

"Unapanda."

Nikaanza habari ya goti. Alinyoosha mkono, akanibonyeza goti mbele, nyuma na pembeni, kwa vidole vya muuguzi, akasema ni zima kuliko la kwake.

"Mtani, nikianguka leo pikipiki imekwenda," alisema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliponiita mtani badala ya mjomba. "Mara mbili umenibadilishia upepo, na mara zote mbili mimi ndiye niliyekwenda kuujaribu. Leo tukianguka, tunaanguka wote. Ongeza la nyuma."

Niliongeza la nyuma. Sijawahi kujaza tairi kwa uangalifu kama ule, wala sijawahi kupima mara nyingi hivyo.

Nilikaa nyuma yake, na sanduku nikaambiwa nilipakate. Sitaeleza yote niliyoyasema njiani. Mengi yalikuwa maombi. Wanakijiji walitoka kwenye mashamba yao kumtazama Bwana Usawa akipita amefumba macho. "Mhina, fumbua!" alipiga kelele Mwenyekiti Salimu kutoka kwenye mahindi yake. "Kuna tope mbele, usije ukalikosa!"

Nilifumbua tulipofika korongo. Mteremko ulikuwa mbele yetu, mchanga umekaa kama unga. Nesi alipunguza mwendo, akagusa breki. Hapo nilihisi sehemu ya mbele ya pikipiki ikizama, ikashika, ikapanda; ikazama tena, ikapanda, kama mtu anayepumua usingizini. Tairi la mbele lililala kidogo juu ya mchanga, likashika njia, halikudunda. Usukani haukutikisika. La nyuma lilitufuata bila ubishi. Mambo yale niliyajua kwa kidole gumba tangu Korogwe. Siku ile niliyajua kwa makalio. Mwajuma ameuliza kama aliandike neno hilo. Aliandike. Mkiweza kuelewa upepo bila kiungo hicho, basi mmenishinda.

Tulifika chini ya korongo, tukapanda upande wa pili, tukaingia Kwaluguru tukiwa wima. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Nesi alishuka. Mimi nilitaka kushuka, lakini miguu ilikuwa haijafika. Wanawake wawili waliinuka, wakanishika kwapani, wakaniteremsha pamoja na sanduku.

"Nesi," aliuliza mama mmoja mwenye tumbo kubwa, "huyu baba naye ni wa leo?"

"Ni fundi."

"Mbona anatetemeka kama uchungu umeanza?"

Benchi zima lilicheka. Nesi hakucheka. Aliifungua khanga, akakirudisha kitambaa kwenye mashine, akanifunga mkononi mbele za watu. Akabonyeza kile kipira. Nikaiona zebaki ikipanda, zebaki ileile, na nikaiona mahali iliposimama.

"Shokapu zina nafuu," alisema. "Wewe umezidi. Kaa hapo mpaka upungue."

Nilikaa kwenye benchi la wajawazito mpaka wa mwisho wao akapimwa na kuondoka. Kisha nikauliza tutarudi kwa njia gani. Akasema ni ileile. Nikapanda.

Pikipiki haikuondoka mikononi mwake. Mkuu wa usafiri alipokuja kukagua, Nesi alimwomba aweke kiganja juu ya tairi la mbele. Vilima vilikuwa vimeshuka, na katikati na pembeni pamelika sawasawa, kama kizingiti cha nyumba yenye watu wengi. Yule bwana wa ofisini alipata baiskeli. Kliniki ya Kwaluguru iliendelea, na kila asubuhi ya kliniki Nesi alipitia kwangu, tukapima kulia na kushoto kwa zebaki, mbele na nyuma kwa geji niliyoazima mjini, na kila nilipobadilisha kitu alisogea mbele akanionyesha kiti cha nyuma.

Vijana, nimekwisha kuwakabidhi pampu. Geji nunueni yenu. Na kila pikipiki mtakayoijaza, ipandeni kabla ya mwenyewe, hata kama mna magoti kama yangu.

Habari za safari ile zilifika Korogwe kabla ya mwezi kwisha. Fundi Maganga, aliyekuwa amekwisha kuzeeka na haoni vizuri, alimtuma binti yake aniletee swali moja. Amesikia Mzigua kapanda, alisema, na anamshukuru Mungu kwa kumweka hai mpaka aione siku hiyo. Ila angependa kujua: je, nilishuka mwenyewe?

Nilimwambia Nesi amjibu baba yake kwamba nilishuka. Kwa miguu ya nani, asimwambie.

Alimwambia.